Jeraha limenyooka, kwa hiyo ni panga?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mgambo huku kijijini. Juzi kati tulikuta mwili wa jamaa pembeni ya lami, utosini ana jeraha refu limenyooka, wote tukasema hili ni panga, na kuna kijana alionekana na panga jioni ile akakamatwa. Hospitali wakaandika "kitu butu". Familia wanasema daktari kahongwa. Sisi tunaofika wa kwanza tutajuaje?

JIBU: Marahaba. Aisee hii ya "limenyooka basi ni panga" naletewa kila siku, tena na maafande wazima. Ngozi ya kichwa imelala juu ya mfupa, nyama hapo hakuna ya maana, kwa hiyo mtu akipigwa rungu au bomba, au akidondoka na pikipiki akajigonga kwenye kingo ya barabara, ngozi inabanwa katikati inapasuka, na mara nyingi inapasuka imenyooka vizuri tu. Nyusi hivyo hivyo, kidevu, ugoko. Bondia akipasuka juu ya jicho ulingoni, nani kamkata? Glavu ina makali?

Cha kutazama ni kingo na ndani. Mulika tochi, usiguse. Jeraha la kitu butu kingo zake zimechubuka, zimevilia damu, na ukiangalia chini kabisa unaona vinyuzi vyembamba vya nyama na vimishipa vimevuka toka upande huu mpaka ule, havijakatika. Kitu chenye makali kikipita hakibakizi vinyuzi, kinakata vyote, hata nywele za pale zinakuwa zimekatwa. Ila panga zito lililoisha makali nalo linachubua kingo, ndo maana anayemaliza ubishi ni mtu wa mochwari akishanyoa nywele, akasafisha na kutazama mfupa, sio wewe na tochi ya simu usiku.

Na msije mkasema daktari kaandika ajali. Kitu butu ni lami, ni jiwe, ni rungu, ni bapa la hilo hilo panga. Kinachojulikana ni aina ya jeraha, nani kafanya ni upelelezi.

Sasa kinachonichosha kabisa ni mafundi wa eneo la tukio. Kuna anayeingiza kidole apime kina, kuna anayemwaga maji "tuone vizuri", na kuna yule bingwa anaokota kisu pembeni anakipachika kwenye tundu aone kama kinaenea, hapo umeshapaka kisu damu ya marehemu na tundu lenyewe umeshalitanua, mimi nisome nini tena? Mikono ya marehemu mnaifunga mifuko ya nailoni, inatoa jasho, vilivyokuwa kwenye kucha vinaharibika. Tumieni ya karatasi, hata bahasha. Kwenye risasi ndo usiseme, kila mtu anajua tundu dogo ndo imeingilia na kubwa ndo imetokea, wakati mdomo wa bunduki ukigusa kichwa gesi inapasua ngozi kama nyota na tundu la kuingilia linaweza likawa kubwa kuliko la kutokea.

Halafu kuna madaktari wa WhatsApp, wanarushiwa picha wanatoa hukumu. Damu puani, "kapewa sumu", kumbe mwili umeanza kuoza, gesi ya tumboni inasukuma majimaji mekundu nje. Mgongo wa zambarau, "kapigwa sana", kumbe kalala chali damu imetulia chini. Alama za njano njano shingoni, "kanyongwa", na sisimizi bado wanatembea pale pale, ndo waliotafuna! Watu wamechomewa nyumba kwa picha za namna hii.

Kwa hiyo ukifika wa kwanza zuia watu, piga picha ya mbali na ya karibu, weka rula pembeni bila kugusa, andika: jeraha utosini, sentimita kadhaa, limeelekea wapi, damu imetapakaa wapi, kuna nini chini. Neno panga usiliandike kama hukuliona likipigwa.

Familia waende kituoni na hospitali waombe wasomewe ripoti, wamuulize daktari kuhusu kingo na vile vinyuzi, atawaonyesha alichoona. Na kijana kama bado yuko ndani kwa ajili ya maneno yenu ya pale barabarani, nendeni mkaandikishe maelezo upya, mliona nini kwa macho.