Mwasmini wangu hautoi maua

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninaishi ghorofa ya tatu, Magomeni, Dar es Salaam. Miaka miwili iliyopita mama alinipa kijiti cha mwasmini kutoka Unguja, nikakipanda kwenye ndoo ya lita 20. Umestawi, majani yamejaa, lakini sijaona ua hata moja. Upo sebuleni kando ya dirisha, nauwekea yuria kila baada ya wiki mbili, na maji asubuhi na jioni. Jirani anasema ni dume, niung'oe. Nifanyeje?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiung'oe! Dume na jike ni mambo ya mipapai. Ua la asmini lina vyote viwili ndani yake.

Yuria ndiyo iliyokuponza. Ni mbolea ya kukuzia, karibu nusu yake naitrojeni tupu, na naitrojeni kazi yake majani. Acha leo hii. Weka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, viganja viwili, kisha usiuguse kwa mbolea miezi miwili.

Halafu utoe sebuleni. Mwasmini unataka jua lenyewe, saa tano au sita kwa siku, si mwanga wa dirishani. Kama una roshani inayotazama mashariki, ndipo pake. Uzoeshe taratibu kwa wiki moja, maana majani yaliyolelewa kivulini huungua.

Sasa mkasi. Najua utaona huruma. Bibi yangu alikuwa na mwasmini mlangoni kwake, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, na kila kipupwe kikiisha aliukata theluthi nzima, mimi nimesimama nalia kwamba anauua. Mvua za vuli zikianza, kila tawi lililokatwa lilitoa machipukizi mawili, na nchani vitumba vitatu vitatu. Asmini huchanua kwenye chipukizi jipya. Tawi kuukuu utalingoja bure. Kata juu kidogo ya pale majani mawili yanapokabiliana.

Maji umezidisha. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagia mpaka yatoke chini. Hiyo ndoo umeitoboa, lakini? Kama bado, itoboe kwanza kabla ya yote niliyosema.

Vitumba vikija, vichume alasiri, vimeshakuwa vyeupe na vimevimba lakini bado vimefumba. Vitandaze juu ya kitambaa kibichi, na usiku vitafumbuka vyenyewe, nyumba nzima inukie. Bibi alivitunga na rehani akafanya kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipambia.

Vijiti utakavyokata usivitupe. Chagua vyenye unene wa penseli, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na kimoja kikishika mizizi mpelekee huyo jirani.