Ukikosea sema siku hiyohiyo: kwa wanaoanza kazi ya programu hapa Mbeya

Kila mwaka vijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, wakimaliza mitihani, wachache huja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na baadhi hubaki kama waajiriwa. Swali lao la kwanza huwa lilelile: "Kaka, nijifunze lugha gani ya programu?" Siku hizi silijibu haraka. Nawapa chai kwanza, maana baridi ya Juni hapa Mbeya wanaijua wenyewe, kisha nawasimulia habari ya kahawa ya Mbozi.

Nilikuwa na miezi mitano kazini. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kupokelea kahawa kwa chama cha msingi kimoja huko. Mkulima analeta kahawa mbivu, karani anaipima, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata meseji. Sehemu ya kuhifadhi uzito niliiandika mimi. Niliijaribu kwa kilo 40, 55 na 60, ikakubali, nikaridhika. Kilo 37.6 sikuijaribu. Kila uzito nilikuwa naugeuza kuwa namba kamili kabla ya kuuhifadhi, na lugha tuliyotumia haikadirii, inakata. 37.6 ikawa 37.

Gramu 600 unaweza kuziona kitu kidogo. Lakini kahawa haiivi yote siku moja. Mama mwenye shamba dogo anachuma zilizoiva, analeta ndoo leo, nyingine keshokutwa, mara 15 au 20 kwa msimu, na karibu kila safari programu yangu ilikuwa inampunja. Mwenye shamba kubwa anayeleta magunia kwa mpigo alikatwa mara chache tu. Kosa langu lilimwonea mnyonge kuliko wengine, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nililiona kosa hilo Ijumaa jioni nikipitia msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa kazi nyingine. Nikajiambia Jumatatu nitarekebisha kimyakimya, hakuna atakayejua. Jumamosi chama kikachapisha orodha ya malipo kutoka kwenye mfumo wetu, watu wakalipwa. Jumatatu asubuhi karani akapiga simu: daftari lake la kaunta halilingani na simu.

Kurekebisha msimbo kulichukua dakika kumi. Tukaanza kuhifadhi uzito kwa gramu. Ila desimali zilizokatwa hazikuwepo popote kwenye seva. Zilikuwa kwenye daftari la yule dada karani peke yake. Nikapanda basi, nikakaa naye siku mbili kwenye kibanda cha mizani, yeye anasoma, mimi naandika. Mzee mmoja aliyekuja kupima akaniuliza, "Kumbe na mashine nayo inaiba?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumwomba radhi. Wakulima walilipwa nyongeza yao, lakini wapo waliotaka kuoneshwa daftari kila walipopima mpaka msimu ukaisha. Walikuwa na haki.

Mkubwa wangu wa kazi hakunigombeza kwa lile kosa la msimbo. Aliniuliza jambo moja tu: "Ijumaa jioni ulikuwa na namba yangu. Kwa nini hukupiga?"

Kwa hiyo mdogo wangu, lugha utajifunza, zipo na zinabadilika. Kinachochelewa kuja ni mdomo. Wengi wenu mkikwama mnanyamaza siku mbili, halafu mnakuja na neno moja: "Imegoma." Imegoma vipi? Niambie ulitaka itokee nini, ikatokea nini, na umeshajaribu nini. Yaandike hayo matatu kabla hujaja kwangu. Mara nyingi utapata jibu ukiwa bado unaandika, na usipolipata, mimi nitakuwa na pa kuanzia. Saa moja ya kuhangaika peke yako inakufundisha. Siku nzima inakuchosha tu.

Wageni huiogopa pia Git, programu ya kutunza kila toleo la msimbo, kwa sababu kila badiliko linabaki na jina lako na saa yake. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 ili watu wengi waweze kuandika programu moja bila kuharibiana kazi, na kwangu mimi ndiyo inayokupa nafasi ya kukosea: toleo la jana lipo, unarudi. Hifadhi mabadiliko madogomadogo, na ueleze kwa Kiswahili au Kiingereza kinachoeleweka umefanya nini.

Mengine ni mafupi. Soma mkataba kabla ya kusaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28, na sekta yetu haina msamaha wake. Majina na namba za simu za wakulima usizibebe kwenye flashi wala kuzituma kwenye grupu ili ukajaribie nyumbani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Buni majina ya majaribio, na uzito wake uwe na desimali.

Yule karani bado anaandika kwenye daftari, na hatujamwambia aache. Kila jioni anajumlisha kurasa zake, anaingiza jumla hiyo, na mfumo unailinganisha na jumla yake wenyewe. Zikipishana hata kwa gramu 100, malipo yanasimama na simu ya zamu inaita ofisini. Mwezi wako wa kwanza, simu hiyo utakaa nayo wewe.