Mkarafuu uliomchekesha mjomba: niliyojifunza nikikusanya michoro ya mimea ya zamani

Picha ya kwanza niliyoinunua nikijiona mkusanyaji ilikuwa ya mkarafuu. Duka lilikuwa ndani ya uchochoro wa Mji Mkongwe, Unguja, na mwenye duka aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya nyumba, kwamba ilichorwa Pemba miaka ya 1880 na Mjerumani mmoja msafiri. Karatasi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, kona moja imeliwa na wadudu, fremu nyeusi imepauka. Nililipa shilingi 180,000 bila hata kubishana vya kutosha, nikaipakata kwenye boti mpaka Dar kama mtoto mchanga.

Wiki iliyofuata mjomba wangu wa Wete alikuja mjini kutibiwa macho. Hata viatu hajavua, nikampeleka sebuleni.

"Shikamoo mjomba. Nimekuwekea kitu cha kwenu."

"Marahaba, mwanangu." Akaisogelea picha, akafinya jicho moja, akarudi nyuma, kisha akaanza kucheka taratibu. "Huu mti wa nini?"

"Mkarafuu, mjomba."

"Mkarafuu gani majani yanapishana hivi? Majani ya mkarafuu hukaa mawili mawili, yakitazamana. Na karafuu hutoka shada zima, huko kwenye ncha ya kitawi. Hizi mtu amezipachika moja moja kwenye makwapa ya majani kama vifungo vya shati. Aliyechora hakuwahi kuchuma hata pishi moja."

Mzee anaona kwa jicho moja na nusu, lakini alimaliza kesi ndani ya dakika mbili. Usiku nikaifungua fremu. Karatasi ilikuwa imekolea rangi ileile pote, mbele na nyuma, mpaka chini ya ukingo wa fremu. Karatasi iliyokaa kweli ndani ya fremu miaka mingi huwa na mpaka: sehemu iliyofunikwa ina rangi moja, iliyopigwa na mwanga ina nyingine. Yangu ilikuwa imeogeshwa chai. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nilililipia.

Tangu siku ile nina kanuni moja, na karibu ushauri wangu wote unatoka humo: umjue mmea kabla ya kukijua kitu. Anayekusanya sarafu au saa za ukutani hana shahidi kama huyu wetu. Sisi shahidi yumo ndani ya picha, na mara nyingi bado anaota nyuma ya nyumba ya mtu. Ukitaka kununua mchoro wa mdalasini, kaguse mdalasini. Ukitaka wa mvanila, katazame ulivyojizungusha kwenye mti uliousimamisha. Wachoraji wa mimea wa karne ya 18 na 19 walifanya kazi pamoja na wataalamu waliokuwa wakihesabu stameni, vile vijiti vya chavua ndani ya ua, na kuupasua ua katikati ili ndani paonekane. Waliweza kukosea, lakini mara chache walikosea jinsi majani yanavyopangika. Mwigaji wa leo anayechora ili kuuzia watalii hukosea hapohapo.

Ukishamjua mmea, nunua lenzi. Namaanisha ile ndogo ya masonara, yenye kukuza mara 10, inayokunjika na kuingia mfukoni. Iweke juu ya sehemu yenye rangi, jani au petali, usogeze jicho karibu kabisa. Ukiona vidoti vya rangi nne vimejipanga kwa utaratibu, vikifanya vijiduara vidogo vidogo kama vya gazeti, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa, hata kama chini imeandikwa 1887. Nasema 1887 kwa sababu huo ndio mwaka ulioandikwa kwenye gombo la kwanza la mkusanyo wa mimea ya dawa wa mchapishaji Köhler wa Gera, Ujerumani, wenye picha maarufu za karafuu, mdalasini na kungumanga. Nakala zake za kisasa zimejaa kila mahali, kwenye maduka ya zawadi na hata kuta za hoteli. Za asili zilichapwa kwa mawe, yaani picha ilichorwa juu ya jiwe bapa kisha ikakandamizwa kwenye karatasi, rangi juu ya rangi, na chini ya lenzi utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliomwagwa kwa mkono. Nakala si dhambi. Ninazo mbili jikoni. Tatizo ni kulipia nakala bei ya asili.

Picha zilizotiwa rangi kwa mkono ni raha nyingine kabisa. Jarida la mimea alilolianzisha William Curtis huko London mwaka 1787 liliendelea kupakwa rangi kwa mkono, picha moja moja, hadi mwaka 1948. Hebu fikiria: vita viwili vya dunia vimepita na bado kuna watu wamekaa mezani na brashi. Mpaka miaka ya 1840 mistari yake ilichapwa kwa bamba la shaba, na bamba likikandamizwa huacha mbonyeo kuzunguka picha. Pitisha kidole polepole utausikia. Baadaye yakaja mawe, mbonyeo ukapotea, lakini rangi ikabaki ya mkono. Inamisha karatasi dirishani mwanga uje kwa ubavu. Utaona kijani kimevuka mstari kidogo, au rangi imejikusanya ukingoni pale brashi iliposimama. Makosa hayo madogo ndiyo ninayoyalipia.

Kurasa za jarida hilo ni ndogo, kama sentimita 14 kwa 23, ingawa za mimea mikubwa zilikunjwa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "Curtis ya asili" yenye ukubwa wa bango la uchaguzi, mshukuru kwa chai uondoke. Tazama pia kona ya juu: kila picha ina namba yake. Magombo mengi ya zamani yameshapigwa picha na yanasomwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Mimi humwomba muuzaji namba, naifungua kwenye simu palepale dukani, kisha nalinganisha mstari kwa mstari. Baadhi ya wauzaji hukasirika. Hao nao wananisaidia kuamua.

Mimi ni mtu wa Tanga, kwa hiyo kuna namba moja naijua kama namba ya simu ya mama: 7408, ya mwaka 1895. Ni ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la milima yetu ya Usambara, na ambalo Ulaya na Marekani limekaa kwenye vyungu madirishani kwa vizazi. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona maeneo ya kwetu, akapeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akaliita Saintpaulia. Mwaka 2015 wanasayansi waliliingiza kwenye jenasi (ukoo mdogo wa mimea) ya Streptocarpus, basi hata jina la afisa limeshuka cheo. Ua likabaki lilivyo, majani yake yana manyoya laini kama sikio la mwanambuzi. Ukurasa huo nimeuona kwenye skrini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mkononi bado.

Usidhani basi kwamba mimea ya zamani iko kwenye karatasi za Wazungu tu. Kosa hilo nililibeba miaka mitatu, huku kabatini kwa bibi kukiwa na hazina.

Kanga. Itazame kanga ya zamani kwa jicho la mkusanyaji: pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yaani yale maandishi. Kwenye pindo mara nyingi kuna korosho, lile umbo la tone lililopinda kichwa. Umbo lenyewe lilikuja na vitambaa vya Uajemi na Uhindi, na huko halikuwa na habari na mkorosho. Mkorosho nao ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Watu wa pwani wakatazama umbo geni, wakatazama tunda geni, wakasema hii ni korosho, yakaisha. Mimi hapo ndipo kanuni yangu ya mjomba inapopata adabu: kuna mimea inayoishi kwenye jina, na jina likishakubalika ndilo mmea.

Kutambua umri wa kanga kunataka subira. Yenye jina kwa herufi za Kiarabu mara nyingi ni ya zamani zaidi kuliko yenye herufi za Kirumi, ingawa usiape. Soma ukingo: kuna kanga zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lililoanza 1887 na bado lipo, kwa hiyo alama pekee haikupi umri. Ukikuta jina la Urafiki, unajua haikutangulia 1968, kwa sababu kiwanda hicho cha Dar kilifunguliwa mwaka huo. Iliyo bora ni doti ambayo haijakatwa, vipande viwili bado vimeshikana. Akina mama wengi walikata siku ileile ya kununua, na walikuwa na haki. Doti nzima ikisalimika, kwa kawaida iliwekwa kwa ajili ya harusi ambayo haikufika au mtu aliyesafiri.

Halafu kuna bakuli na sahani. Ukikutana na bakuli nzito kidogo, nyeupe, yenye maua mekundu na kijani yaliyopigwa kwa sponji iliyokatwa umbo, igeuze utazame chini. Pengine utamkuta sfinksi, yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu, amelala: ni alama ya kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, ambacho vyombo vyake viliuzwa pwani yetu. Maua hayo hayana jina. Si waridi, si hibiskasi, mjomba angecheka mpaka akohoe. Hapa tazama kitu kingine: ukingo uliokatika, nyufa zilizozibwa gundi, na mchoro uliofutika katikati kwa miaka ya kijiko. Bakuli lililoliwa wali miaka 60 halina mng'ao sawa pote.

Sasa kutunza, maana huku kwetu hewa ya bahari haimwonei mtu huruma. Nitataja kosa langu moja tu kwa sababu bado linaniuma. Nilimpelekea fundi fremu picha ya kweli ya mnanasi, ya mkono, akaibandika kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao "isije ikajikunja". Aliona amenifanyia hisani. Haibanduki tena. Kwa hiyo msimamie fundi: gundi isiguse karatasi, selotepu isiguse karatasi, na kati ya picha na kioo pawe na nafasi, kadi iliyokatwa dirisha inatosha. Picha ikigusana na kioo wakati wa masika, ukungu hujijenga hapo na rangi hung'ang'ania kioo. Kadi iwe isiyo na asidi. Ikikosekana, badilisha ya kawaida kila baada ya miaka michache. Usitundike ukuta unaopigwa mvua kwa nje, wala mkabala na dirisha la magharibi. Jua la saa kumi linakula zambarau na waridi kwanza, kijani kinabaki, na ghafla bustani yako yote ni majani.

Kanga usikunje mstari uleule miaka nenda rudi. Zizungushe kwenye bomba la kadibodi lililovikwa kitambaa safi cheupe, uzitoe zipigwe na hewa kivulini. Bibi alitia karafuu kavu moja kwa moja kati ya nguo. Harufu ni ya peponi, lakini mafuta yake yameacha madoa ya kahawia kwenye doti moja ambayo ningeitoa kwa mboni ya jicho. Ukitaka karafuu, zifunge kwenye kifuko kining'inie mbali na nguo.

Na ukifikiria kununua kipande cha mlango wa nakshi, wenye waridi na mitende kwenye mfaa wake, ule mhimili wa katikati, tulia kwanza. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango iliyochongwa kabla ya 1940, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kenya ina sheria yake ya 2006. Zaidi ya sheria, mimi sinunui kipande cha mlango, kwa sababu mahali fulani kuna nyumba imebaki na tundu. Hali kadhalika simwombi muuzaji achane kitabu kizima anipe ukurasa mmoja.

Kufundisha jicho hakuhitaji fedha nyingi. Makumbusho ya Taifa Nairobi yana michoro ya mimea ya Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba Elsa tu, ilhali kabla ya simba kulikuwa na maua. Simama mbele ya mchoro mmoja nusu saa, hesabu petali, kisha nenda sokoni. Utashangaa jinsi vitu vya uongo vinavyoanza kupiga kelele vyenyewe.

Mkarafuu wangu wa chai bado uko ukutani, jikoni, juu ya jiko la gesi. Mjomba kila akija husalimiana nao. Na mama bado ananidai ile doti ya bibi yenye korosho, kuna harusi Pangani mwezi ujao. Nimemweleza habari ya mwanga, unyevu na jasho. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kanga imeshapigwa pasi.