Kabla hujatoboa mpira wa mtu mwenye mizunguko mingi

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikitoboa mipira ya bolingi hapa Ohio. Kila ligi zinapokaribia kuanza, mwezi wa nane hivi, hunijia vijana wawili watatu wanaotaka kujifunza kazi, na siku hizi baadhi yao ni watu wa kwetu kabisa, waliokuja kusoma wakanogewa na mchezo. Swali lao la kwanza halibadiliki: mteja wangu huyu anauzungusha mpira kama pia, nimchoree ramani gani? Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, nikaona bora niliandike, maana jibu lenyewe si la dakika tano.

Tuanze na ramani ni kitu gani. Mpira ukitoka kiwandani hauna tundu hata moja. Ndani yake mna kiini, na kiini hicho si duara kama tufaha. Kina umbo lake, kirefu huku, kifupi kule. Juu ya gamba utaona nukta ndogo ya rangi inayoonyesha kichwa cha kiini kilipo. Nukta hiyo tunaiita pini ya mpira, isikuchanganye na zile pini kumi zinazosubiri kuangushwa. Mipira ambayo kiini chake hakina ulinganifu huwa na alama ya pili, ya upande uliolemewa na uzito. Ukiweka matundu ya vidole karibu na pini, mbali nayo, juu yake au chini yake, kiini kinakaa tofauti mpira unapoachiwa, na mwendo wake kwenye leni, ile njia inayoelekea pini kumi, unabadilika. Kuchagua nafasi hiyo ndiko kuchora ramani.

Sasa shika hili kabla ya hesabu yoyote. Mtu wa mizunguko mingi haji dukani kutafuta nguvu ya kukata kona. Nguvu anayo, imo mkononi mwake. Anachohitaji kwako ni ramani itakayoitunza hiyo nguvu ifike mwisho wa leni bado ipo.

Mimi nililijua hilo kwa kuharibu. Mwaka wangu wa pili alikuja kijana anayetupa kwa mikono miwili, mtindo uliopata umaarufu kwa wachezaji Osku Palermaa wa Finland na Jason Belmonte wa Australia. Alinunua mpira wa pauni 15, kiini chenye nguvu kisicho na ulinganifu, gamba limepigwa msasa wa 2000. Nikawaza, mkono mkali juu ya mpira mkali, hapo pini zitaruka zenyewe. Nikaweka pini inchi 3 na 3/8 kutoka ncha ya mhimili wake, nukta ya ubavuni ambayo mpira huizunguka, nikachora pembe ndogo kila mahali. Tukaenda leni ya nne kujaribu. Mpira uliteleza vizuri futi za mwanzo, halafu katikati ya leni ukashika na kukata kona kwa fujo, na ulipozifikia pini ulikuwa umekwisha kukata kona zamani, unabingirika tu. Ukaingia poketi, ule mwanya kati ya pini ya mbele na jirani yake, ukiwa hauna msukumo. Pini namba 10 ikabaki. Akatupa tena, ikabaki. Akasogea kushoto kuupa mpira nafasi, ukarudi mapema ukapiga pini ya mbele katikati ya uso, akaachiwa spliti, yaani pini zilizobaki zimeachana. Kijana hakusema neno, alikuwa anaufuta mpira kwa taulo tu. Tulikwisha kutoboa, na maji yakimwagika hayazoleki. Niliziba matundu kwa gharama yangu nikatoboa upya, na tangu siku hiyo sigusi drili kabla sijampima mtu.

Kilichotokea ni hiki. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60. Katika futi hizo mpira hupita hali tatu: kwanza unateleza juu ya mafuta yaliyopakwa kwenye leni, kisha unaanza kushika na kukata kona, mwisho unabingirika bila kuteleza tena. Ukishafika hali ya tatu haukati kona tena, unakwenda ulikoelekea. Mpira unaotakiwa ni ule unaoingia poketi kwa pembe ya karibu nyuzi 6, na unaofika hali ya tatu karibu kabisa na pini. Sasa mizunguko mingi kwa asili yake huharakisha safari hiyo. Ukimwongezea mtu wa namna hiyo kiini kinachoamka mapema, gamba linalokwaruza na ramani ya kuharakisha, umemmalizia mafuta ya gari kabla ya mlima.

Kwa hiyo, kupima. Usiridhike na mteja kukuambia anatupa mizunguko 500 kwa dakika. Wengi wamesikia namba hiyo kwenye televisheni wakaipenda. Chukua simu yenye kurekodi picha 240 kwa sekunde, bandika utepe mweupe kwenye mpira wake wa zamani, mrekodi kutoka nyuma anapoachia. Kisha pitisha video picha moja moja, uhesabu ni picha ngapi zinapita utepe mpaka urudi ulipokuwa. Gawanya 14,400, yaani picha za dakika nzima, kwa hesabu hiyo. Picha 36 ni mizunguko 400 kwa dakika, picha 30 ni 480. Fanya kwa mitupo mitano, usitegemee mmoja.

Halafu pima kasi, maana mizunguko peke yake haikuambii kitu. Mtu wa mizunguko 450 anayeachia mpira kwa maili 20 kwa saa na mtu wa 450 hiyohiyo anayeachia kwa maili 16 ni wateja wawili tofauti kabisa. Wa kwanza kasi yake inaubeba mzunguko, unaweza kumchorea karibu kama mtu wa kawaida. Wa pili mzunguko umeishinda kasi, na huyo ndiye ninayemzungumzia. Angalia pia kama kioo cha ukumbi kinaonyesha kasi ya kuachia au ya mwisho wa leni, kwa sababu mpira hupoteza maili kadhaa njiani.

La tatu ni ncha ya mhimili, ile tunayoiandika PAP kwenye daftari. Mpira ukitoka mkononi unazunguka kama dunia, na kuna nukta moja ubavuni ambayo inakaa palepale wakati kila kitu kingine kinazunguka. Nukta hiyo ndiyo msingi wa ramani nzima. Bandika kipande kidogo cha utepe unapodhani ipo, mwambie atupe, simama nyuma uangalie. Kama utepe unachora kiduara, umekosea, usogeze kidogo. Ukiona unakaa kama nukta isiyotikisika, umeipata. Ipime kutoka katikati ya mshiko, inchi ngapi pembeni na ngapi juu au chini, uandike. Wengi wa mkono wa kulia huangukia karibu na inchi 5 pembeni, lakini usimpe mtu namba ya wengi. Nimeona mafundi wazuri wakitoboa kwa kukisia nukta hii, na hapo ramani yote uliyoisumbukia inakuwa ya mtu mwingine.

Ukishapata hayo, ramani ninayotumia mimi ina namba tatu, mfumo ulioletwa na Mo Pinel, mbunifu wa viini wa Kimarekani aliyefariki 2021. Huandikwa hivi: 65 × 4¾ × 50. Ya kwanza ni pembe kati ya mstari unaotoka kwenye pini kwenda ncha ya mhimili na ule unaotoka kwenye pini kwenda alama ya uzito wa upande. Ya kati ni umbali wa pini kutoka ncha ya mhimili, kwa inchi. Ya tatu ni pembe kati ya mstari wa pini na ncha, na mstari wa wima unaopita kwenye ncha yenyewe. Nunua kipimapembe kinachopinda kufuata mpira. Kile cha shuleni hakitakusaidia.

Namba ya kati ndiyo inayosema mpira utayumba kiasi gani juu ya mhimili wake. Ukiutazama mpira baada ya mtupo utaona pete za mafuta zimetawanyika, zinakutana sehemu mbili kama tai ya kipepeo. Pini ikiwa inchi 3 na 3/8 kutoka ncha, pete zinatawanyika kuliko popote, na kila mzunguko gamba kavu jipya linagusa leni. Ukisogea kuelekea sifuri au kuelekea 6 na 3/4, pete zinabanana. Kwa mtu wa mizunguko mingi na kasi ndogo mimi hukaa kati ya 4½ na 5. Hapo mpira bado una uhai, ila hauna pupa.

Pembe ya kwanza ikiwa ndogo, nyuzi 20 au 30, mpira unaamka mapema. Ikiwa 60, 70, unangoja. Kwa hiyo mpe kubwa. Pembe ya tatu ndiyo yenye mjadala, na mafundi hawataacha kubishana. Ikiwa ndogo, pini inakaa juu ya vidole na mpira unageuka ghafla ukishatoka kwenye mafuta. Ikiwa kubwa, pini inashuka chini na kona inakuwa ya upole, ndefu. Vijana wote hutaka ile ya ghafla, kwa sababu inapendeza machoni. Mimi kwa mkono mkali napendelea upole, nyuzi 50 na kuendelea, hasa kwenye leni za ligi za kawaida ambako mafuta ni mengi katikati na pembeni ni pakavu. Mtu mwenye mizunguko 480 akikosea ubao mmoja wa leni kwenda pembeni, mpira wa kugeuka ghafla unamwadhibu vikali. Wa upole unamsamehe. Kwa ujumla, ukijumlisha pembe zote mbili, mtu ambaye mzunguko wake umeishinda kasi nampa jumla kubwa, 110 hadi 130. Mtu ambaye kasi imeushinda mzunguko ndiye wa 70 au 80.

Lakini kabla hujafika kwenye drili, angalia gamba. Hili linasahaulika sana na ndilo kubwa kuliko ramani. Msasa wa 1000, ulio mkali, na msasa wa 4000, ulio laini, kwenye mpira uleule ni kama mipira miwili, na kubadilisha ni kazi ya dakika kumi unayoweza kuirudia. Mteja akilalamika mpira wake unakata mapema, usimwambie azibe matundu. Piga msasa laini, au upake dawa ya kung'arisha gamba, mwambie atupe tena. Kama ningelifanya hilo kwa yule kijana, pengine tungeuokoa mpira nusu ya njia.

Kuhusu kiini, mtu wa mizunguko mingi mpira wake wa kwanza uwe wa kiini chenye ulinganifu. Ni rahisi kuuelewa na haumkasirikii mtu. Ule wa nguvu uje baadaye, kwa mafuta mengi. Na leni zikikauka usiku unavyokwenda, wengi wa aina hii hushika mpira wa urethani, aina nyingine ya gamba. Unawafaa, ila wajue kwamba urethani haunywi mafuta kama gamba la resini. Huyasukuma mbele, na baada ya michezo kadhaa njia yao inabadilika.

Wa mikono miwili wana jambo lao la sheria. Zamani ungeweza kutoboa tundu la ziada kurekebisha uzito au mwendo wa kiini. Tangu Agosti 1, 2020, sheria za USBC, chama cha bolingi cha Marekani, zimelifuta tundu hilo, na kila tundu lililopo lazima litumike kushikia mpira unapotupwa. Wengi wa mikono miwili hawatumii dole gumba, na asiyelitumia hana ruhusa kuwa na tundu la dole gumba. Maana yake kiini chake kinabaki karibu kama kilivyotoka kiwandani, kwa sababu tundu lile la gumba ndilo linalotoa uzito mwingi. Usichukue ramani iliyompendeza mtu wa mkono mmoja ukaihamishia kwake ukategemea matokeo yaleyale.

Urefu wa mshiko na mwinamo wa matundu sitaueleza hapa, ni somo la siku nzima. Ila mtu wa mizunguko mingi akiubana mpira kwa sababu tundu la gumba ni pana, mizunguko uliyopima leo si yake. Rekebisha mshiko kwanza, umpime upya wiki ijayo.

Na mpira ukishatoka dukani, usiachane nao. Mwambie mteja aurudishe baada ya michezo kama ishirini bila kuufuta mafuta. Mchukue leni moja, simama karibu na mstari, ufumbe macho atupe. Mpira mzuri unanguruma mfululizo, mlio mmoja mpaka mwisho. Ukisikia tk, tk, tk katikati ya ngurumo, pete inapita juu ya tundu la kidole au la gumba. Hilo humpata mtu ambaye njia yake inapita karibu na matundu. Urudishe mpira mezani, weka kidole kwenye pete inayogusa tundu uifuate mpaka ilipokatwa na ukingo wake, upime ni sehemu gani ya inchi, uandike kwenye ukurasa wake. Ramani ya mpira wake unaofuata itaanzia kwenye kipimo hicho.