Nani Ataukariri Ukelele?

Swali lenu la wiki hii, "Je, muziki wa makelele unafaa kusemea siasa?", limenigusa penyewe, nami nitalijibu kwa upande. Makelele hayanishughulishi. Kisiwa chenye beni na vipaza sauti vya kampeni hakina haki ya kulalamikia makelele ya mtu mwengine. Kinachonishughulisha ni nani atakayeuchukua wimbo mdomoni baada ya mwimbaji kunyamaza.

Ushahidi wangu ni albamu moja tu, nayo ni Songs to Fan the Flames of Discontent, yaani nyimbo za kuuchochea moto wa kutoridhika, iliyotolewa mwaka 1996 na kundi la Refused la Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi. Ni panki ya hadikoo, yaani roki ya kasi na ukali, iliyotiwa uzito wa metali: magitaa yanakata, ngoma hazipumui, na mwimbaji wao, Dennis Lyxzén, anapiga ukelele tangu mwanzo hadi mwisho. Siasa zao ni za mrengo wa kushoto, za kuupinga ubepari waziwazi. (Kwa faida ya wazazi wenye wasiwasi, hawa walitoka katika kundi la vijana waliojizuia pombe, sigara na dawa za kulevya, jambo ambalo siwezi kuwaapia baadhi ya wapigaji wetu wa taarabu.)

Mpwa wangu alirudi nayo kutoka Uswidi wakati Unguja iko gizani, katika kile kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010 ambapo umeme unaotoka Bara kwa waya wa baharini ulikatika, nasi tukaishi kwa majenereta, mishumaa na ndoo za maji. Pahala pekee pa kuichezea diski palikuwa ndani ya gari ya shemegi yangu. Basi tukakaa humo usiku, Kikwajuni, madirisha yamefungwa kwa kuwaonea haya majirani, jasho likitutiririka, mpwa wangu kwenye usukani, mimi pembeni nikimulika kijitabu cha maneno kwa tochi ya simu. Kila nikifika mstari wa tatu, mwimbaji alikuwa keshaingia ubeti mwengine. "Mjomba, usisome, sikiliza kwanza," akaniambia. Nikamjibu kwamba mtu aliyesomeshwa ushairi hakisikilizi asichokielewa, nikaendelea kusoma.

Mara kioo kikagongwa kwa bakora. Alikuwa mzee jirani yetu, amevaa msuli na fulana, anahema. "Kuna nini humo? Nani anapigwa?" Mpwa wangu akapunguza sauti, akamwamkia, akamweleza kwamba ule ni muziki. Mzee akafungua mlango wa nyuma bila ya kukaribishwa, akakaa, akataka uongezwe tena, akausikiliza wimbo mzima viganja vyake viwili vikiwa juu ya kichwa cha bakora. Nilitaraji aulize kinasemwa nini. Yeye akauliza: "Kwani huyu kafanyiwa nini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mpwa wangu akaanza kueleza mambo ya mabepari na wafanyakazi, mzee akamsikiliza kwa adabu, kisha akashuka akaenda kulala.

Sisi wimbo wa fumbo ukiimbwa ukumbini, suali letu la mwanzo ni "Kamsema nani?", na anayekwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa hutazamwa anapita mbele ya nani. Siasa pia tumezizoea hivyo, hasa tuliopita kwenye chaguzi za 1995, 2000 na 2005, ambapo jina la chama lilitosha kumtenga mtu na jamaa zake. Fumbo lilitulinda. Na wimbo wa kusuta huimbika: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliisuta mahakama ya enzi ya Waingereza kwa wimbo wa Kijiti, muuaji aliyekimbilia Bara, na watu wakauchukua.

Hata jina la albamu yenyewe linanipa hoja dhidi yake. Wamelitoa kwenye kijitabu chekundu cha nyimbo cha IWW, chama cha wafanyakazi cha Marekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1909. Mtunzi mashuhuri wa chama hicho, Joe Hill, alikuwa Mswidi mwenzao, mzaliwa wa Gävle, aliyeuawa kwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya Utah mwaka 1915. Huyo aliyavisha maneno ya wafanyakazi tuni za nyimbo za kanisa ambazo kila mtu alikwisha kuzijua, kwa imani kwamba waraka husomwa mara moja lakini wimbo hukaririwa. Sasa nani ataukariri ukelele? Refused wameirithi anwani, kazi yenyewe wakaiacha.

Hapo ndipo nilipokusudia kumalizia, kwa jibu la hapana. Lakini suali la mzee halitaki kunitoka. Fumbo humwachia mkubwa mlango wa kutokea: anaweza kucheka, akatunza, akaenda zake kana kwamba kasemwa jirani. Ukelele haumwachii mlango. Na ile miezi mitatu ya giza tuliipitisha barazani kwa masihara, tukimsema kila mtu kwa fumbo, na sikumsikia yeyote akiulizwa kafanyiwa nini.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, unafaa, ila kijitabu cha maneno kiwepo, tena kwa Kiswahili, na usipigwe karibu na msikiti wakati wa sala wala mwezi wa Ramadhani popote pale. Sikusema kwamba naupenda. Nikiwa peke yangu nitabaki na taarabu yangu, na nyuzi za udi na kanuni. Na kama vijana wetu wakiupiga watapewa kibali cha ukumbi, hilo ni suali jengine, nanyi hamkuniuliza.