Figo za zamani nazo zipimwe

Fomu ya altrasaundi ya mgonjwa aliyepandikizwa figo mara nyingi huja na maneno mawili: "figo mpya". Zile mbili za asili hazitajwi, eti zimeshakufa. Kuchuja haziwezi, ni kweli, lakini bado ni nyama hai na saratani huweza kuota humo. Upandikizaji, unaofanyika Muhimbili tangu 2017, kwa kawaida hauziondoi: figo mpya huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, za zamani zinabaki mgongoni.

Tuanze na maandalizi, maana ndipo madhara hutokea. Ile kauli ya mazoea, "kunywa lita moja ya maji, ubane mkojo", asiambiwe mgonjwa wa dayalisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine, ambaye figo zake nazo hupimwa hivi hivi. Asiyekojoa hana pa kuyatoa, yatamjaa miguuni na mapafuni. Kibofu kitupu kwake si kasoro ya kipimo. Na hapa Tanga wapo watakaokunywa madafu badala ya maji, wakiamini ni mepesi. Dafu lina potasiamu nyingi, nayo ikipanda moyo unaweza kusimama. Mwambie tu asile kwa saa sita na jioni yake aache maharage, yasimjaze gesi. Mwenye kisukari anayetumia insulini apimwe wa kwanza asubuhi. Siku nzuri ni ile inayofuata dayalisisi, maji yakiwa yamepungua mwilini.

Kitandani, uliza kwanza fistula, mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kupitishia dayalisisi, iko mkono gani. Nyingi ziko kushoto, na figo ya kulia huonekana vizuri mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto. Akiubana mkono ule, damu inaweza kuganda ndani ya fistula. Mlaze chali, weka mto chini ya ubavu wa kulia, mkono wa fistula ukae huru, kisha pitisha probu ya tumbo, kile kifaa cha mkononi cha altrasaundi, juu ya ini.

Figo ya mtu mzima ni kama sentimita 9 hadi 12. Iliyosinyaa huwa fupi zaidi na hung'aa kama mafuta yaliyoizunguka, hivyo jicho huiruka. Fuata msuli wa kiuno, mwambie avute pumzi na kuishika, uone kinachoshuka. Ikiwa kubwa usishangae: ya mwenye kisukari huweza kubaki na ukubwa wake.

Kinachotafutwa hasa ni vifuko vya maji. Kadiri miaka ya dayalisisi inavyoongezeka, ndivyo vinavyozidi, na hatari ya saratani nayo hupanda. Kifuko salama ni cheusi tupu, ukuta mwembamba, nyuma yake pameng'aa. Ukipandisha gaini, yaani mng'ao wa picha, mno, cheusi hujaa ukungu na utadhani ni uvimbe. Ukiishusha mno, uvimbe halisi utaonekana maji. Ukiona kitu kigumu ndani, mgeuze mgonjwa: donge la damu huweza kuhama, uvimbe haubanduki. Washa Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyotiririka, ushushe kipimo cha kasi. Ila rangi isipoonekana usimwachie aende, kwa sababu baadhi ya saratani hizi zina damu kidogo. Hapo ni CT (picha za eksirei za kompyuta) yenye dawa ya kung'arisha, kwa makubaliano na daktari wake wa figo.

Ripoti isemayo "figo zimesinyaa" haimsaidii mtu. Andika urefu wa kila figo, idadi ya vifuko, milimita za kikubwa kuliko vyote, na kama kuna kitu kigumu, halafu linganisha na kipimo kilichopita. Anayetoka Pangani au Lushoto aambiwe mapema aje na ripoti zake za zamani. Bila hizo hujui kama kifuko cha milimita 20 ni kipya au kina miaka.