Ya 1953 na bado inatoka barabarani

Swali lenu la wiki hii, pikapu ya zamani uirudishe kama ilivyotoka kiwandani au uiwekee vya kisasa uweze kuiendesha, limenigusa maana nina Chevrolet 3100 ya 1953 na nimeshakaa pande zote mbili. Nitajaribu kuwa mfupi, nikizidisha mtanisamehe.

Nilianza na orijino, tena orijino ile ya kichaa, natafuta mpaka boliti zenye alama sahihi kichwani, rangi ya injini nabishana nayo miezi miwili. Gari ikaisha, ikapendeza kweli, halafu nikagundua naiogopa. Wingu likijikusanya siitoi. Naifuta vumbi naifunika tena. Sasa pikapu isiyobeba hata gunia ni ya nini jamani, walioitengeneza waliitengeneza ibebe mizigo na ichubuke.

Kilichonitoa huko ni breki. Mfumo wa wakati ule ni wa mkondo mmoja, yaani masta silinda (pampu kuu ya breki) moja inasukuma oili kwenye matairi yote manne, ukipasuka mpira mmoja tu huna breki hata moja. Kwangu ulipasuka wa mbele, pedali ikazama kama nimekanyaga godoro, nikasimama kwa gea ndogo, breki ya paki na dua. Wiki ileile nikafunga masta silinda ya mikondo miwili, zile ambazo magari ya Marekani yalianza kuja nazo kwa wingi mwaka 1967. Uzuri ni kwamba kwenye gari hii inakaa chini ya sakafu, hakuna mtu anaiona. Dramu za breki nimeziacha, zikisetiwa vizuri zinatosha kwa mwendo wangu. Mikanda ya kiti pia nimeweka, na chini yake bamba la chuma, maana boliti kwenye bati tupu siku ya siku inang'oka na bati lake.

Sasa upande wa pili. Shemeji yangu ana mwenzake na yangu, yeye alitaka "kuweka V8 tu", yaani injini ya silinda nane. Hiyo "tu" ndiyo imemla miaka mitatu. Injini ikaingia, lakini propela shafti ya gari hizi, ile inayopeleka nguvu nyuma, imefungiwa ndani ya bomba mpaka kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), gea boksi mpya haiungani nayo, basi difu nzima ikatoka, difu iliyokuja ina stadi (boliti za kufungia tairi) tano na habu za mbele zina sita, basi habu na rimu zikafuata, rejeta ikazidiwa, eksosi ikagonga boksi la stelingi, stelingi ikahamishwa, sakafu ikakatwa gea boksi ipite. Inakimbia, sikatai, na ina AC. Ila ukichungulia chini cha 1953 hukioni, na hata akitaka kurudi nyuma hawezi, chesisi imeshapitiwa na grainda.

Mi hapo ndipo ninapochora mstari. Kitu kikifungwa kwa spana na kikafunguka kwa spana, weka, ile ya zamani iandike jina uitunze kwenye boksi. Kikihitaji grainda nakwambia subiri kwanza.

Watu hunicheka sijabadilisha injini. Ni ile 216, yaani inchi za ujazo 216, silinda sita, beringi za koni rodi ni za kumwagwa, yaani madini laini yanayeyushwa na kumwagwa palepale, na oili kule inafika kwa kurushiwa na kuchotwa badala ya kusukumwa kwa presha kama injini za leo, kwa hiyo ukiikimbiza kwa muda mrefu unaiua mwenyewe. Tatizo lakini ni difu ya 4.11, yaani shafti inazunguka mara 4.11 tairi likizunguka mara moja, inaifanya ilie ukifika kilomita 80 kwa saa. Nikatoa meno yale nikaweka ya 3.55 ndani ya nyumba ileile, mizunguko ikapungua kama asilimia 14 kwa mwendo uleule. Nje hujui kitu. Milima mikali inabidi nishuke gea mapema, basi.

Na hili la volti 6 linanikera. Mtu anafunga waya wa betri mwembamba wa gari ya volti 12, stata inazunguka kwa uvivu, anatukana umeme wa zamani. Volti zikiwa nusu, ampea ni mara mbili kwa kazi ileile, waya lazima uwe mnene na ethi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Yangu inawaka asubuhi fresh.

Kimebaki kimoja, waipa. Zinaendeshwa na vakyumu ya injini, yaani mfyonzo wa hewa, ukikanyaga mafuta kupanda mlima kwenye mvua zinasimama katikati ya kioo, ukiachia zinapiga kama zimechanganyikiwa. Mke wangu kasema niweke za mota, zipo, na zinafungwa kwa spana. Nimemwambia nafikiria, na ni mwaka wa pili sasa.